Jiko Limekataa Kushika

Karibu kila boma ninalolijua huku Kakamega lina kona ya vitu vilivyoletwa kwa sherehe vikafa kimya. Taa ya sola ambayo betri yake ilichoka. Chujio la maji lenye mfereji uliovunjika. Pampu ya kukanyaga ambayo sasa kuku hulalia. Siku vilipoletwa kulikuwa na hema, soda, picha na daftari la kutia sahihi. Siku vilipokufa hakukuwa na mtu. Kwa senje wangu (shangazi, kwa wale wasio wa huku) upande wa Shinyalu, kona hiyo iko nyuma ya mlango wa jikoni. Kwa miezi saba kilichokaa hapo ni jiko la peleti, limefunikwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya zamani.

Peleti, kama hujawahi kuziona, zinafanana na chakula cha sungura. Ni unga wa mbao, au masalia ya miwa baada ya kukamuliwa, uliokaushwa na kushindiliwa kwenye matundu ya chuma mpaka ukatoka kama vijiti vya milimita sita hadi nane. Hazina gundi ya dukani. Joto la kule kushindiliwa hulainisha gundi ya asili iliyo ndani ya mti, nayo ikipoa inavishikanisha. Ndiyo maana peleti nzuri ni ngumu na inang'aa kidogo, na ndiyo maana maji ni adui yake mkubwa.

Senje alilinunua jiko hilo kwa malipo ya polepole kwa simu. Lilifanya kazi vizuri karibu mwaka mzima. Halafu asubuhi moja likakataa kushika. Likatoa moshi mweupe mzito, likajaza jikoni, likazima. Akajaribu tena kesho yake, hali ikawa ile ile. Ajenti aliyemuuzia alikuwa ameshafunga kibanda chake sokoni, na namba iliyobandikwa tumboni mwa jiko ilikuwa ya mteja asiyepatikana. Kwa hiyo Senje akarudi kwenye mafiga yake matatu, na kikohozi kikarudi naye.

Hicho kikohozi ndicho kilichonipandisha bodaboda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani. Ukisoma namba kama hiyo kwenye simu unapita. Ukilala chumba cha pili ukimsikia mtu akikohoa kuanzia saa kumi alfajiri hadi kuku wanapotoka, hupiti. Kliniki walimwambia akae mbali na moshi. Akawauliza, "Na chakula nani atapika?" Na si yeye peke yake anayevuta moshi ule. Mjukuu wake wa darasa la sita hufanya homuweki kando ya mafiga, kwa sababu ndipo kwenye mwanga.

Kuna jambo lingine. Senje huniita injinia. Nilisoma uhandisi mihula mitano kabla karo haijakwama, na sasa naishi kwa kuandikia watu makala. Ukoo mzima unajua. Lakini Senje hakuwahi kubadilisha jina. Simu yake ilisema hivi tu: "Injinia, kuja uone hili jiko. Ukishindwa nimpe mtu wa vyuma vikuukuu. Analipa kwa kilo."

Kabla ya kufungua kitu, ni vizuri kujua kinavyofanya kazi. Moshi ni kuni ambayo haijamaliza kuwaka. Kuni ikipata joto hutoa gesi, na gesi hizo zikikosa joto na hewa ya kutosha hupaa zikiwa mbichi, zikaingia kwenye macho na mapafu yetu. Jiko la peleti limeundwa kuzichoma hizo gesi. Unajaza peleti kwenye pipa la ndani, unawasha juu, si chini. Hewa kidogo inaingia kwa matundu ya chini, inapanda katikati ya peleti na kusaidia kutoa gesi. Hewa nyingi zaidi inaingia kwa duara la matundu karibu na mdomo wa pipa, inakutana na gesi hizo na kuziteketeza. Kinachosukuma hewa yote hiyo ni feni ndogo iliyo chini, inayotumia betri ya kuchaji.

Mbinu hii ya kuwasha juu si ya jana. Mmarekani Thomas Reed alianza kuishughulikia mwaka 1985. Mnorwe Paal Wendelbo, bila kumfuata Reed, alitengeneza jiko la namna hiyo hapa jirani Uganda, na likaitwa Peko Pe, maneno ya Kiacholi yenye maana ya "hakuna shida." Nilimwambia Senje hadithi hiyo. Akaangalia jiko, akaangalia mafiga, akasema, "Hilo langu basi ni Peko."

Fundi mzuri huanza na kile kisichogharimu. Moto unataka vitu vitatu: kitu cha kuwaka, hewa na joto la kuanzia. Nikaanza na peleti.

Senje alikuwa na magunia matatu ya kilo ishirini na tano. Mawili yalikuwa darini juu ya mafiga, mahali wanapoweka mahindi ya mbegu. La tatu lilikuwa sakafuni, kwenye udongo, limeegemea ukuta, na ndilo alilokuwa akichota wakati jiko lilipogoma. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Huku hata chumvi hulowa kwenye kopo. Nikachukua peleti moja ya darini, nikaivunja kwa vidole. Ikalia *tap*, ikakatika safi. Nikachukua ya sakafuni. Haikulia. Ilijipinda kidogo halafu ikamomonyoka kama biskuti iliyochovywa chai. Hicho ndicho kipimo chote, na hakihitaji mashine. Peleti yenye unyevu itatumia joto lote la kiberiti kuchemsha maji yake yenyewe kabla ya kufikiria kuwaka.

Zilizovimba na kupasuka hazirudi, hizo tulizitenga. Zilizopata unyevu kidogo tulizianika juu ya turubai, asubuhi, kwa sababu kila mtu wa huku anajua kwamba jua la Kakamega ni mkopo na mvua huja kudai alasiri. Baadaye Senje akazipepeta kwa uteo. Vumbi lililotoka lingeshangaza mtu. Vumbi hilo ni tatizo peke yake, maana linashuka chini ya pipa na kuziba njia ya hewa kama chai inavyoziba chujio.

Tukaja kwa hewa. Jiko likiwa baridi kabisa (na hapa nasema kabisa, kwa sababu makaa yanaweza kujificha ndani ya majivu saa nyingi), nililitoa pipa la ndani na kuligeuza juu ya gazeti. Majivu yalitoka kidogo tu. Yaliyobaki yalikuwa yamegandana sakafuni mwa pipa, magumu, ya kijivu, yanang'aa kama kioo kichafu. Peleti za Senje zilikuwa za masalia ya miwa, na miwa hunyonya silika nyingi kutoka udongoni. Jivu lake likipata joto kali huyeyuka, likipoa huganda. Zaidi ya nusu ya matundu ya chini yalikuwa yamezibwa na uji huo. Yaani jiko lilikuwa linapumua kwa pua moja, tena yenye mafua.

Ganda hilo halitoki kwa kitambaa. Nililigonga polepole kwa mpini wa kisu mpaka likapasuka vipande. Matundu niliyazibua moja moja kwa spoku ya baiskeli, kwa sababu spoku ni nyembamba na haiyapanui. Mtu asitumie msumari na nyundo. Ukubwa wa kila tundu ulipimwa, na ukiyapanua ya chini, gesi itatoka nyingi kuliko hewa ya juu inavyoweza kuchoma, na moshi utarudi. Duara la juu lilikuwa na masizi yenye lami, nayo yalitoka kwa brashi ya waya. Kazi yote ilichukua saa moja na nusu na kucha zangu zote.

Baadaye, nikinawa, nilifikiria jinsi tatizo hili lilivyo la dunia nzima. Huko Marekani majiko ya peleti ni ya kupasha nyumba joto. Yalianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya mafuta kupanda bei miaka ya sabini, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Jerry Whitfield, mhandisi aliyetoka kwenye mambo ya ndege. Yale yana parafujo la umeme la kulisha peleti na kijiti kinachopata moto chenyewe ili kuziwasha, huku mtu amekaa kwenye kochi. Bado, yakikataa kushika, jambo la kwanza kuangaliwa ni lile lile: kikombe kimeziba majivu yaliyoganda, matundu hayapitishi hewa, peleti zimepata unyevu. Tajiri na maskini, majivu hayabagui.

Ikabaki feni. Nilibonyeza swichi, kimya. Nikafungua skrubu nne za chini kwa bisibisi, kifuniko kikatoka na familia ya mende. Mapanga ya feni yalikuwa yamevaa majivu laini kama manyoya. Niliyasafisha kwa brashi ndogo ya rangi na kupuliza kona zote kwa pampu ya baiskeli, huku nimeshika mapanga kwa kidole yasizunguke ovyo. Waya mmoja ulikuwa na ukungu wa kijani kwenye kiungo chake. Nikausugua kwa msasa mpaka shaba ikaonekana. Swichi tena. Kimya.

Hapo nilifunga feni na betri kwenye mfuko wa plastiki, nikarudi mjini kwa fundi wa simu ninayemwamini karibu na steji. Kijana huyo hakuwahi kuona jiko la peleti maishani. Hakuhitaji. Aliunganisha feni na umeme wa mezani kwake, ikazunguka vizuri. Kwa hiyo feni ilikuwa mzima. Akafungua pakiti ya betri: seli mbili za lithiamu, zile za duara zinazopatikana ndani ya betri za laptopu. Seli ya namna hiyo ikijaa hufika volti 4.2. Moja ilisoma 3.6. Ya pili ilisoma 0.8.

"Hii imeshaenda," akasema.

Nikamuuliza kama inaweza kuamshwa kwa chaja kubwa, kama nilivyoona watu wakifanya mtandaoni.

"Inaweza. Halafu itakuwa ndiyo kitu cha kwanza kuwaka kwa hilo jiko."

Lithiamu iliyoshuka chini namna hiyo huharibika ndani, na ukiilazimisha chaji inaweza kupata joto na kulipuka. Jiko lilikuwa limekaa bila kuchajiwa miezi yote hiyo, na kukaa tupu ndiko humaliza seli kama hizi. Akaweka seli mbili zinazolingana, maana nzima ikiunganishwa na iliyochoka huvutwa chini, na akarudisha ile bodi ndogo ya kulinda chaji. Mia sita. Dakika ishirini. Hakukuwa na kitu cha siri ndani ya jiko lile, ila tu hakuna aliyemwambia Senje kwamba mtu wa kulitibu ni yule yule anayemtengenezea Kabambe yake.

Jumamosi tuliwasha nje, uani, na nakuomba nawe ukiwa na jiko lililogoma uwashe nje. Nilijaza peleti mpaka upana wa kidole kimoja chini ya matundu ya juu, kwa sababu ukiyafunika hayo umeua nusu ya jiko. Juu yake nikaweka vipande vya magunzi makavu vilivyodondoshewa mafuta taa, kiasi cha kifuniko cha chupa. Kiberiti. Moto ukashika magunzi, ukaanza kutambaa. Unatakiwa kungoja uso wote wa peleti uwe umeshika, kisha uwashe feni kwa kasi ya chini. Lakini mtoto wa darasa la sita hakungoja. Aligeuza kitufe mpaka mwisho. Upepo ukauzima moto *fyuu*, kama keki ya besdei, na jiko likaanza kutoa ule moshi mweupe.

Sasa, huo moshi mweupe ndio mafuta yenyewe. Ni gesi inayosubiri cheche. Usiinamishe uso kuchungulia, usitupie kiberiti, na usimwage mafuta taa juu ya peleti zilizokwisha kupata moto, kwa sababu zote tatu zinaweza kukuondolea nyusi au zaidi ya nyusi. Tulirudi nyuma, tukaacha jiko lipoe, tukamwaga, tukaanza upya. Safari hii mtoto alipewa kazi ya kuhesabu dakika.

Dakika ya nne niliwasha feni, kasi ya chini. Dakika ya sita nikaongeza. Moto ukabadilika. Badala ya ulimi mmoja unaoyumba, ndimi ndogo nyingi zikatoka ukutani mwa pipa na kukutana katikati, na jiko likatoa sauti kama mtu anayepuliza uji. Moshi uliisha. Hakuna aliyesema kitu. Senje akateleka chai. Ilipochemka, aliinua sufuria, akapitisha kidole chini yake, akakiangalia, akaniangalia mimi. Kidole kilikuwa safi.

"Haya," akasema. "Lakini obusuma?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Majiko mengi mapya yamekwama hapo hapo. Ugali wa huku hausongwi kwa adabu. Unataka mwiko mkubwa, mikono miwili na mgongo, na jiko refu lenye miguu myembamba halikubali kusukumwa hivyo. Kwa hiyo hata lilipokuwa zima, Senje alikuwa akipika chai na mrenda humo, na ugali kwenye mafiga. Nikaenda kwa mchomeleaji pale Khayega na vipimo. Akakata nondo, akatengeneza fremu ya miguu mitatu mipana inayobeba sufuria yenyewe, jiko likakaa katikati bila kuguswa na mwiko. Usiku huo tulikula ugali ambao haukunusa moshi. Mjomba alilalamika kwamba hauna ladha.

Ningependa kuishia kwenye ugali, lakini kuna hesabu. Baada ya kutenga zilizoharibika, Senje alikuwa na kama kilo sitini na mbili za peleti. Anatumia karibu kilo moja na nusu kwa siku. Hiyo ni siku arobaini na kidogo. Na aliyekuwa akizileta haji tena.

Hili nalo halikuanza kwa Senje. Rwanda, kule Gisenyi kando ya Ziwa Kivu, kampuni ya Inyenyeri iliwahi kuwapa watu majiko ya peleti na kutegemea mauzo ya peleti kujilipa. Watafiti waliisifu, wageni walikuja kuitazama. Mwaka 2020 ilifunga. Jiko linalokula chakula cha mtu mmoja tu hufa njaa siku mtu huyo akiondoka. Linganisha na jiko letu la mkaa lenye udongo ndani na bati nje, lililosambaa Kenya kuanzia miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand. Wabunifu wake waliwaachia mafundi wa jua kali waligonge wenyewe. Leo hakuna soko utakaloenda ukose mtu wa kulibadilishia udongo. Linatoa moshi na gesi mbaya kuliko hili la feni, lakini halijawahi kukosa fundi.

Hatuwezi kutengeneza peleti uani. Unga wa mbao mtupu nao haufai, kwa sababu ukiumwaga kwenye pipa hewa haipiti. Lakini nikarudi kwenye mafundisho ya jiko lenyewe: halijui neno peleti. Linataka vipande vikavu, vinavyolingana, vyenye nafasi ya hewa katikati. Huku mahindi yanavunwa na magunzi hutupwa au huchomwa yakiwa mazima. Tuliyakatakata kwa panga, ukubwa wa kidole gumba, tukayaanika siku tatu. Yanashika. Moto wake ni wa dakika ishirini na kitu tu, maana magunzi ni mepesi, na feni lazima iwe chini muda wote. Lakini dakika ishirini zinatosha chai na mboga, na zinaokoa peleti kwa ajili ya ugali.

Senje sasa huchora mstari wa mkaa ukutani kila siku anapotumia peleti, na hachori siku ya magunzi. Nilipoondoka mara ya mwisho mistari ilikuwa kumi na minne, ingawa wiki nne zilikuwa zimepita. Magunia yamewekwa juu ya ubao, mbali na ukuta. Kitambaa cha kufumwa kimerudi kwenye redio. Bado anakohoa, ila sasa anaanza saa kumi na mbili.

"Injinia," aliniambia nikipanda pikipiki, "na magunzi yakiisha kabla ya mavuno?"

Nilimwambia nitauliza kwa maseremala kuhusu vipande vya mbao. Dereva akawasha pikipiki. Haikushika mara ya kwanza.